Nywele Zilizokuja Mbio

Unywele wa kwanza niliung'oa kwa kucha, nimesimama mbele ya kioo cha mume wangu Hamisi, nikacheka. Ulikuwa mmoja tu, mweusi, mgumu kama uzi wa kushonea viatu, umeota chini ya kidevu. Nilimwonyesha Hamisi naye akacheka. "Mama Rukia," akasema, "sasa umekuwa mzee wa mtaa." Ilikuwa baridi ya Julai. Mvua fupi zilipofika hakuna aliyekuwa akicheka tena nyumbani kwetu.

Nimekaa miaka saba bila kuandika habari hii. Naiandika sasa kwa sababu mwezi uliopita, kwenye arusi hapa mtaani, msichana mmoja aliketi karibu nami amevuta ushungi hadi puani, na jua linawaka. Alikula wali akiwa ameupa ukuta uso. Nilijua anaficha nini. Sikupata namna ya kumwambia mbele ya watu, na kabla ya sahani kuondolewa alikuwa amekwenda. Basi haya ni yake.

Naitwa Mariamu. Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Tulikaa mtaa wa Ziwani, chumba kimoja na jiko, mimi na Hamisi na binti yetu Rukia wa miaka mitatu. Mama mkwe wangu, Bi Zainabu, alikaa mlango wa tatu kutoka kwetu, na kila asubuhi aliingia kabla chai haijachemka. Hamisi alikuwa karani wa bohari. Mimi nilikuwa opereta wa simu katika kiwanda kimoja kule Viwandani. Nilikaa kwenye kijumba cha mbao chenye dirisha dogo, nikiunganisha watu. Wateja walinijua kwa sauti tu. Mmoja wa Kisumu alizoea kuniambia, "Dada, hata kama mzigo haujafika, mimi napiga nikusikie."

Baada ya unywele ule wa kwanza vikaja vinyweleo vitatu, kisha shavu zima. Nilikuwa na malaika, vile vinyweleo laini vya mikononi, kama mwanamke yeyote, lakini hivi havikuwa malaika. Vilipanda kutoka kitovuni hadi kifuani. Mapaja yalijaa. Mgongo ulitoka chunusi zilizouma nikilala, na nywele za kichwani, zile nilizosifiwa tangu shuleni, zikaanza kurudi nyuma pembeni mwa paji la uso kama za baba yangu. Siku zangu za mwezi zilikawia, zikaja kidogo, kisha zikakoma. Bi Zainabu alipogundua alifurahi. Akaninunulia ukwaju na udongo wa kulamba, akidhani ni mimba. Miezi mitatu ikapita na tumbo halikukua. Akaacha kuniletea ukwaju.

Wema mmoja wa wakati ule siwezi kuunyima haki yake. Asubuhi moja Hamisi alinikuta najikwaruza kwa wembe mkavu, damu inachuruzika shingoni. Alichemsha maji, akachukua brashi yake na sabuni, akaniketisha kwenye kigoda na kuninyoa mwenyewe, polepole, akinifundisha kufuata nywele zinakolala. Baada ya hapo, kila siku kabla ya kazi, tulinyoana. Alikuwa akinipangusa kwa kitambaa cha uvuguvugu na kusema, "Haya, nenda." Nilidhani mtu anayeweza hilo anaweza yote. Nilikosea.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Bi Zainabu alisema ni vidonge vya kupanga uzazi, na kwamba nilikuwa nikivimeza kwa siri nisimzalie mwanawe mtoto wa kiume. Sikuwahi kumeza hata kimoja. Jirani yetu alisema ni krimu ya kung'arisha uso. Hiyo nilikuwa nimepaka, ndiyo, nikaitupa, na nywele hazikujali. Mama yangu mzazi aliona aibu kuliko wote. Alikumbuka shangazi yake wa Lamu aliyekuwa na sharubu na akazaa watoto tisa, akaniambia, "Ni damu ya kwetu, nyamaza tu." Kisha Bi Zainabu akaleta mtu wa kupunga mapepo. Huyo alinifukiza ubani chini ya shuka mpaka nikatapika, akasema kuna jini dume ameniona nikioga na amenioa. Hamisi alisimama mlangoni akisikiliza. Aliposikia kwamba nina mume mwingine, nilimwona usoni kuwa sehemu yake moja iliamini.

Nilikwenda pia kwa daktari wa kulipia mjini. Nilikaa kwenye benchi lake tangu saa mbili mpaka saa saba, kati ya mwanamke mwenye mimba na mzee mwenye kikohozi. Zamu yangu ilipofika, daktari aliniangalia akiwa bado anaandika habari za mgonjwa aliyetoka.

"Zinakuwasha?" akauliza.

"Haziniwashi."

"Unaumwa popote?"

"Siumwi, daktari, lakini siku zangu zimekatika, na nywele hizi hazikuwapo mwaka jana."

"Wanawake wengi wana nywele," akasema. "Nyoa. Punguza mawazo, utapata mtoto."

Hakunigusa. Hakuniambia hata nifungue kitufe kimoja. Ningeweza kumsamehe ujinga, maana si kila daktari anajua kila kitu. Nisichoweza kusamehe ni kwamba alikuwa na mikono miwili na hakuitumia.

Nikaanza kuvaa buibui na kufunika uso, mimi ambaye tangu usichana nilitembea na leso tu mabegani. Mtaani wakanisifu. Akina mama waliokuwa hawanisalimii wakaanza kuniita "mcha Mungu." Walimu wa madrasa walinitolea mfano kwa mabinti. Nilipita katikati ya sifa hizo na ndevu zangu, na kila "mashallah" ilinichoma.

Kisha sauti ikaondoka. Haikuondoka siku moja. Mwezi wa Januari nilidhani ni mafua. Nilikunywa tangawizi na limau, nikafunga shingo kwa kitambaa. Mvua ndefu zilipoanza ilikuwa imeshuka kabisa, nzito, ya kifuani. Watu wakipiga kiwandani nilisema, "Hallo," nao wakajibu, "Habari yako, bwana, nipe yule dada wa simu." Mwanzo niliwaambia ndiye mimi. Wakadhani ni mzaha. Baadaye nikawa nasema, "Ngoja kidogo," nawaunganisha nisijadiliane nao. Yule wa Kisumu aliuliza yule dada alihamia wapi. Nikamwambia ameolewa akaacha kazi. Alinitakia heri.

Meneja aliniita. Alisema wateja wanachanganyikiwa, kampuni inahitaji sauti ya kukaribisha. Nikapelekwa kufunga misumari kwenye pakiti, nyuma kabisa, ambako mashine zilipiga kelele na hakuna aliyehitaji kunisikia. Msichana aliyechukua kiti changu nilimfundisha mimi mwenyewe siku mbili, kwa ishara zaidi kuliko maneno.

Hamisi aliacha kuninyoa wiki hiyo hiyo. Brashi aliiacha kwangu, akanunua nyingine. Jumapili moja mchana, Rukia akiwa nje anacheza, nilimwuliza nimemkosea nini.

"Hujanikosea," akasema.

"Basi mbona hunitazami?"

"Kukutazama naweza, Mama Rukia. Ni kukusikia. Ukiongea nikiwa nimefumba macho, namsikia kaka yako Idi. Mtu hawezi kulala na shemeji yake."

Aliyasema kwa upole, na ndiyo maana yaliumiza. Angenitukana ningejua la kujibu. Mwisho wa mwezi alihamisha nguo zake kwa mama yake, milango mitatu tu, na kila asubuhi nilimwona akipita kwenda kazini, amenyoa vizuri.

Kaka Idi, huyo aliyetajwa, ndiye mkubwa wangu. Alikuwa fundi wa majiko na masufuria Shauri Moyo, mtu wa maneno machache na mikono iliyojaa makovu ya bati. Alikuwa akija Ijumaa na nyama, anaketi, anakula, anaondoka. Hakuwahi kutaja uso wangu.

Baridi ikarudi. Rukia alipata kikohozi nikampeleka kliniki ya kanjo, ile ya baraza la jiji. Tulikaa kwenye laini ndefu ya mama na watoto, kwenye benchi la saruji lililopenyeza ubaridi hadi mifupani. Sista aliyekuwa zamu alikuwa mkunga wa makamo, Mkikuyu mnene, jina lake Wambui. Alimpima mtoto, akanipa maagizo ya dawa. Nikamjibu, "Nimeelewa, sista." Akasimamisha kalamu.

"Hiyo sauti yako ni ya siku zote?"

"La."

"Ilianza lini?"

Tangu baridi ya mwaka uliopita, katika watu wote walioniombea, kunifukiza na kunisifu, hakuna aliyeniuliza swali hilo. Sista alifunga mlango, akamkalisha Rukia chini na mfuniko wa boksi achezee, akaniambia nifunue uso. Hakushtuka. Aliuliza lini unywele wa kwanza, lini siku zangu zilikoma, kama nameza dawa yoyote, kama mama yangu na dada zangu wako hivi. Kisha akanilaza kitandani, akaweka mkono chini ya tumbo, upande wa kushoto, akabonyeza taratibu. Akarudia. Akavuta mkono wangu mwenyewe akauweka hapo.

"Unasikia?"

Kulikuwa na kitu kigumu, kama ndimu kubwa, kikiteleza.

"Nywele za ukoo huja polepole, mama," akasema. "Zinaanza usichana, zinazoeleka. Hizi zako zimekuja mbio, na sauti nyuma yake. Kitu kinachokimbia hivyo kina kinachokifukuza." Akaniandikia barua ya kwenda hospitali kuu, akapiga mhuri mara mbili, akaniambia nisikubali kurudishwa getini.

Hospitali kuu nilirudi mara sita kabla ya kupata kitanda. Mlango wa kliniki ulikuwa na madawati mawili, la wanaume na la wanawake. Mara ya kwanza nilimwuliza askari nikae wapi, akaniangalia buibui, akasikiliza sauti, akacheka na kuwaita wenzake. Tangu hapo nilikuwa nikionyesha barua bila kusema. Huko kwenye dawati la wanawake nilijifunza kwamba kungoja nako ni ugonjwa. Unawahi alfajiri unapewa namba, namba inaitwa mchana, unaambiwa faili limepotea, urudi Alhamisi.

Walitaka mkojo wangu wa siku nzima, kila tone, tangu asubuhi mpaka asubuhi ya pili. Walinipa jerikeni ya plastiki. Aliyewahi kukaa nyumba zetu za Ziwani anajua choo kilikuwa cha pamoja, na njia ya kwenda huko inapita mbele ya milango yote. Nilikwenda na kurudi na jerikeni chini ya leso. Bi Zainabu aliniona mara ya tatu. Akanifuata hadi ndani, akaifunua.

"Unaweka mkojo wako kwenye chombo, Mariamu. Unataka kumnywesha nani?"

"Ni wa hospitali, Mama."

"Hospitali gani inayotaka uchafu wa watu? Unataka kumrudisha mwanangu kwa uchawi."

Akaichukua akaimwaga mlangoni, mbele ya majirani. Nikaenda hospitali kuomba jerikeni nyingine, na wiki hiyo nilikaa kwa Kaka Idi, ambaye alinipa chumba chake akalala kwenye karakana mpaka chombo kikajaa.

Wodini nilikuwa darasa. Daktari mwenyewe, kijana mpole, alinieleza kwa maneno machache: kwenye kifuko cha mayai upande wa kushoto kuna uvimbe, nao ndio unaotoa kitu cha kiume mwilini mwangu, ukitolewa, mwili utatulia. Lakini waliokuja naye walikuwa kumi na zaidi, wa rika la wadogo zangu. Walinifunua kifua, tumbo, mapaja. Wakashindana nani ataona zaidi. Mmoja alileta kamera. Niliuliza picha zile ni za nani. Akasema ni za kufundishia, na kwamba macho yangu yatafunikwa kwa mstari mweusi. Wangefunika macho, mahali pekee nilipokuwa bado mimi. Picha zenyewe sikuwahi kuonyeshwa.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa Nyambura wa Dandora, mdogo kwangu kwa miaka miwili. Ugonjwa ulikuwa mmoja. Yeye kwao walimpeleka kwenye maombi, kisha kwa mganga, kisha maombi tena, mwaka mzima na nusu. Tulikuwa tukinyoana asubuhi kwa kioo kimoja, tukicheka kwa sauti zetu za besi mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Alisema, "Tukitoka hapa tujiunge na kwaya, wanaume wamepungua." Kicheko kile, kwangu, kilikuwa dawa kuliko sindano zao.

Operesheni ilihitaji saini ya mume. Nilimtumia Hamisi habari, akaja saa ya kutazama wagonjwa pamoja na mama yake. Bi Zainabu alibaki mlangoni mwa wodi, kana kwamba naambukiza.

"Wanasema watatoa kizazi," Hamisi akasema.

"Kifuko kimoja tu. Mwulize daktari."

"Wakikosea je? Wakitoa vyote, mimi nitabaki na nini?"

"Utabaki na mimi."

Alizungusha kofia yake magotini. "Ngoja nifikirie," akasema. Akaenda kufikiria. Jina langu likasomwa kwenye orodha ya operesheni za Jumanne, likarukwa kwa kukosa saini. Likasomwa tena, likarukwa. Nyambura alitangulia, wakamfungua, wakamfunga. Uvimbe wake ulikuwa umeshasambaa. Alirudi kitandani wala hakuniuliza walimfanyia nini, na siku tisa baadaye nikaamka nikakuta wamekunja godoro lake.

Siku hiyo Kaka Idi alikuja. Nilimweleza. Alisimama, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya sista.

"Nimekuja kumtilia saini mke wangu, Mariamu," akasema.

Sista alimwangalia yeye, akaniangalia mimi. Paji moja, pua moja, sasa hata kidevu kimoja. "Wewe na mumeo mnafanana sana," akaniambia.

"Watu wakikaa pamoja sana hufanana," Idi akajibu.

Sista akasogeza fomu. Idi akaandika jina la Hamisi kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema. Mpaka leo nasema mwanamume pekee aliyekuwa mume kwangu mwaka ule ni ndugu yangu wa tumbo moja, kwa dakika moja, kwa uongo.

Waliutoa uvimbe mvua fupi zikinyesha. Daktari alisema ulikuwa wa njano, mgumu, haujasambaa. Wiki ya saba, nikiwa kwa Idi nafua, nikaona damu. Niliketi sakafuni kando ya karai nikalia, si kwa furaha hasa. Nililia kwa kuwa ilikuwa rahisi hivyo. Mkono mmoja tumboni, siku ya kwanza, ungetosha.

Wewe unayesoma kwa sababu yamekukuta, nisikudanganye kwamba yote hurudi. Chunusi zilikauka. Nywele za kichwani zilijaa tena. Za kifuani na mapajani zilipungua mwaka mzima. Za kidevuni zilikuwa zimeshapata mizizi. Nazinyoa mara mbili kwa wiki. Sauti haikurudi. Daktari alisema kilichokomaa kooni hakirudi nyuma. Kiti cha opereta sikupewa, na kufunga misumari niliacha. Sasa ninashona sare za shule. Usikae ukiwauliza majirani ni nini. Kama hazikuwapo mwaka jana na leo zipo, kama siku zako zimekatika na sauti inashuka, nenda, na ukirudishwa nenda kwa mwingine, na usitoke mpaka mtu akuguse tumbo. Wengi wataambiwa ni ukoo tu, na itakuwa kweli, na watarudi nyumbani salama. Si neno. Hilo nalo ni jambo la kuambiwa na mtu aliyekupima.

Hamisi alinipa talaka nikiwa bado na nyuzi tumboni, akaoa. Rukia nilibaki naye. Mwaka wa tatu, Bi Zainabu alikuja kwangu mchana, amevaa leso mpya, ameshika halwa. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mama," nikampa kiti na chai. Alizungumza habari za mtaa kwanza. Kisha akasema yule mke wa pili hajazaa, na Hamisi hana raha.

"Tumesikia umekuwa mwanamke tena," akasema. "Rudi nyumbani, mwanangu. Yaliyopita yamepita."

"Sikuwahi kuacha kuwa mwanamke," nikamjibu.

Sauti ilimshtua, nadhani alitegemea nayo imepona. Akanywa chai yake haraka, akaacha halwa mezani.

Rukia alirudi kutoka shuleni akaikuta halwa, akauliza nani amekuja. Nikamwambia ni bibi yake. Akauliza alitaka nini.

"Alikuja kuniuliza hali," nikasema.

Ilikuwa uongo. Muda wote nilioumwa, Bi Zainabu hakuniuliza hali hata mara moja. Lakini mtoto ana bibi mmoja tu upande ule, nikaona nimtengenezee bibi mwema.